Kumlisha Mkaguzi

Msikilizaji, jioni hii nakuletea Mrusi mmoja. Jina lake Artemy Filippovich Zemlyanika, mtu mnene, mwepesi wa kuinama mbele ya mkubwa. Cheo chake ni msimamizi wa hospitali na nyumba za maskini katika mji mdogo ulio mbali na kila kitu. Mji wenyewe uko ndani mno; mkuu wake anasema ukitoka hapo kwa farasi ukaenda mbio miaka mitatu, hufiki nchi ya watu wengine. Hospitali ya Zemlyanika haitumii fedha nyingi kwa dawa, maana yeye anaamini wa kufa atakufa tu na wa kupona atapona mwenyewe. Daktari aliyenaye ni Mjerumani asiyejua neno hata moja la Kirusi, akisemeshwa anatoa sauti ambayo si ndiyo wala si siyo.

Zemlyanika hakupata kuishi duniani. Alitungwa na Nikolai Gogol, katika tamthilia iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg mwezi Aprili 1836, Tsar Nicholas wa Kwanza mwenyewe akiwa ukumbini. Sisi Waswahili tunayo pia. Christon Mwakasaka aliitafsiri, ikachapwa mwaka 1979 kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kama unayo nakala, ipanguse vumbi. Kama huna, kaa hapo hapo, tutakwenda pamoja.

Kisa ni kifupi. Mkuu wa mji amepata barua ya rafiki: mkaguzi anakuja kutoka makao makuu, anakuja kwa siri, hatajitambulisha. Watumishi wote roho juu, maana hakuna aliye safi. Hakimu anapokea rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwinda na anajisifu kwamba hiyo si rushwa. Ndani ya mahakama walinzi wanafuga mabata bukini, wanapita miguuni mwa wenye kesi. Bwana posta anafungua barua za watu na kuzisoma, kwa raha zake tu, na zile tamu anajiwekea. Kanisa lililotengewa fedha miaka mitano iliyopita halijajengwa, na mkuu wa mji anawakumbusha wenzake jibu la kutoa: lilianza kujengwa, likaungua.

Wakiwa katika kihoro hicho wanaingia mabwana wawili wambea, Bobchinsky na Dobchinsky, wanatweta, kila mmoja anataka aseme yeye kwanza. Wamemwona mgeni kwenye nyumba ya wageni. Kijana. Amekaa juma la pili sasa, halipi wala haondoki, na walipokuwa wakila samaki wao alipita akachungulia sahani zao. Huyo, wakakata shauri, lazima ndiye mkaguzi. Kumbe ni Khlestakov, karani wa kunakili barua, fedha zake zimeishia kwenye karata, na alichungulia sahani kwa sababu ana njaa.

Hapo ndipo watu wengi wanaposimulia kwamba Khlestakov ni tapeli. Mimi sikubali. Tapeli anakuja na hila yake mfukoni, na polisi wetu mara kwa mara hutangaza kuwakamata watu wa namna hiyo, waliojifanya maofisa wa Usalama wa Taifa au wa TAKUKURU. Khlestakov hakusema yeye ni mkaguzi. Umbea wa watu wawili na woga wa watu kumi ndio uliompa cheo, na ilimchukua muda hata kuelewa anachopewa. Inasimuliwa kwamba mkasa wenyewe Gogol alipewa na mshairi Pushkin, ambaye mwaka 1833 alipokuwa akisafiri kukusanya habari za uasi wa Pugachev, gavana mmoja alimwandikia mwenzake wa Orenburg amwangalie sana mgeni huyo, habari za uasi ni kisingizio, huenda ametumwa kuchunguza maofisa. Umbea wa gavana kwa gavana, kwa barua rasmi.

Sasa tufike kwenye kitendo cha nne, ambacho ndicho nilichokujia.

Mgeni amehamishiwa nyumbani kwa mkuu wa mji, amekula, amelewa, amelala, ameamka. Watumishi wanajipanga sebuleni kwa sare na panga viunoni, wanaingia mmoja mmoja kujitambulisha. Hakimu anaingia na noti amezifumbata kiganjani, mkono unatetemeka, zinaanguka sakafuni. Khlestakov anaomba akopeshwe. Anapata rubli 300. Bwana posta, 300. Msimamizi wa shule, ambaye kwa woga anaiwasha sigara upande usio wake, 300. Kisha anaingia Zemlyanika.

Zemlyanika anaanza na mwenzake wa posta: hafanyi kazi kabisa, vifurushi vinachelewa, mheshimiwa unaweza kuchunguza mwenyewe. Halafu hakimu, yule aliyetoka mlangoni sasa hivi. Kwanza anatanguliza kwamba hakimu ni jamaa yake na rafiki yake, lakini kwa faida ya nchi hana budi kusema: anafuga mbwa ofisini, na mwenendo wake haufai. Kuna bwana mmoja hapa, Dobchinsky, akitia mguu nje ya nyumba yake tu, hakimu ameshaketi ndani na mkewe. Watazame watoto, mheshimiwa. Hakuna hata mmoja aliyefanana na Dobchinsky. Wote, hata kale kabinti kadogo, ni hakimu mtupu. Na msimamizi wa shule? Anawatia vijana fikra mbaya. Mwisho anauliza kwa upole kama mheshimiwa angependa ayaandike yote hayo kwenye karatasi.

Khlestakov anasema ndiyo, aandike, kwa sababu akikaa bila kazi anapenda kusoma vitu vya kuchekesha. Halafu anamwuliza: wewe nani vile, mimi nasahau majina. Halafu anamwomba mkopo. Na hapa, msikilizaji, shika hesabu: Zemlyanika anaombwa 400. Wenzake waliokaa kimya walilipa 300. Aliyewauza wenzake wote akalipa zaidi.

Nimeisoma tamthilia hii mara nyingi na sijawahi kuona mtu akiisimamia hesabu hiyo. Wengi wanasema Gogol aliandika habari za rushwa, nao hawakukosea, ila rushwa yenyewe iko ya namna mbili. Iko ya noti, na iko ya jina la mwenzako. Zemlyanika ameingia na zote mbili. Akili yake inamwambia mkaguzi ni mtu mwenye njaa, hawezi kuondoka mtupu. Lazima apate mtu wa kumla. Basi heri umpe jirani kabla jirani hajakupa wewe. Wala hana chuki na hakimu. Kesho watacheza karata pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu Kwai, kwa asiyepajua, ni kata ya wakulima wa mboga, wilaya ya Lushoto, Usambara Magharibi. Kabichi, karoti, viazi, ukungu, na barabara ambayo mvua ikinyesha inaamua yenyewe nani afike. Wakubwa si wageni Kwai. Wajerumani walifungua shamba la majaribio la serikali hapa mwaka 1896, la mifugo na mazao ya Ulaya, katika enzi ambazo Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal, miaka sita kabla ya kituo cha utafiti cha Amani kuanzishwa. Kwa hiyo habari ya bwana mkubwa anayepanda mlima kuja kuona na kuandika tunayo tangu enzi za mababu.

Na ikisemekana wakubwa wanakuja, unajua kinachofuata, uwe Kwai au Kaliua. Mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa. Watoto wa shule wanakuja na fagio. Zahanati inatandika mashuka ambayo mgonjwa hajapata kuyaona, na daftari la dawa linajazwa usiku kwa kalamu tatu za rangi tofauti ili lionekane limejazwa siku tofauti. Hayo Gogol anayo yote. Mkuu wake wa mji anaagiza wagonjwa wavishwe kofia safi. Lakini hayo ya chokaa ni madogo, kila mtu anayajua, hata mkubwa mwenyewe anayajua, anapita anatabasamu.

Makubwa yanakuja jioni, baada ya ziara, pale msafara unapopumzika na kupewa chai. Simsemi mtu wala ofisi. Nasema jambo ambalo yeyote aliyefanya kazi serikalini amelinusa. Mgeni amekaa peke yake kidogo, amevua viatu. Mtu anasogea na kiti. Anaanza na hali ya hewa. Kisha: "Mkuu, mimi si mtu wa maneno." Hapo ujue maneno yamefika. Mwenzangu yule ni mchapakazi, isipokuwa tu yale mambo ya saruji. Yule mama wa takwimu ni dada yangu kabisa, lakini nadhani mkuu umemwona leo, alivyojibu. Na dakika tano baadaye anaondoka, anakutana mlangoni na mwenzake wa saruji, ambaye naye ameshika kiti.

Mwezi Novemba 2015, Rais Magufuli alipoanza ziara za kushtukiza, akaingia Muhimbili akakuta wagonjwa wamelala chini, bodi ikavunjwa na kaimu mkurugenzi akaondolewa, nchi nzima ilishangilia, nami nilikuwa mmoja wao. Ofisi zilifunguliwa kwa saa. Woga ule ulifanya kazi ambayo semina elekezi hazikuwahi kuifanya. Lakini kila woga wa namna hiyo unazaa akina Zemlyanika, kwa sababu mtu akijua kwamba jina litaondoka hapa leo, anahakikisha si lake. Hilo si kosa la aliyekuja kukagua peke yake. Ni mpango wenyewe wa ukaguzi, wa mgeni wa ghafla, mwenye muda mfupi, anayetegemea sikio.

Utaniuliza: sasa kama yale maneno ni ya kweli? Swali zuri, na Gogol amelitegea mtego. Karibu yote anayosema Zemlyanika ni kweli. Mbwa wa hakimu tumewasikia tangu kitendo cha kwanza, tena kwa kinywa cha hakimu mwenyewe. Posta ni ovyo. Ya watoto wa Dobchinsky hatuna ushahidi, tumwachie Dobchinsky. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Zemlyanika ni raia mwema, mtoa taarifa. Tanzania tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya mwaka 2015, na ni sheria ya maana. Lakini sheria hiyo inamtaka mtoa taarifa awe na nia njema.  Zemlyanika amesema ya mbwa wa hakimu. Ya hospitali yake, ya daktari asiyejua Kirusi, ya wagonjwa wasio na dawa, hajasema neno. Ukweli wake umekatwa mahali panapompendeza.

Na tazama nani hakupata nafasi ya kusema. Baada ya watumishi kumaliza foleni yao, wanakuja wananchi. Wafanyabiashara wanaleta malalamiko: mkuu wa mji anachukua mali dukani bila kulipa. Mke wa fundi kufuli analia: mumewe amepelekwa jeshini wakati zamu haikuwa yake, kwa sababu wenye zamu walitoa kitu. Mjane wa sajini amechapwa viboko na polisi kwa kosa la watu wengine, na baadaye mkuu wa mji atajitetea kwamba mama huyo alijichapa mwenyewe. Kujichapa! Mikono yenye karatasi inapenya dirishani. Khlestakov anazipokea mbili tatu, anachoka, anapiga kelele wasiingie tena. Mlango unafunguka kidogo, anatokea mtu mwenye koti la kitambaa kizito, hajanyoa, mdomo umevimba, shavu limefungwa kitambaa. Osip, mtumishi wa Khlestakov, anamsukuma tumboni, anatoka naye, anafunga mlango. Hatuambiwi huyo alikuwa na shida gani. Watu wamekuwa wakicheka tamthilia hii tangu 1836 na shida yake haijasikilizwa.

Haya ndiyo ninayotaka kuyasema jioni hii. Majungu yameingia kwa mlango wa mbele, yamevaa sare na upanga, yamekaribishwa kiti. Malalamiko yamekuja kupitia dirishani. Na muda ni ule ule, sikio ni lile lile. Dakika alizozitumia Zemlyanika kuhesabu watoto wa jirani ndizo ambazo mjane wa sajini alizihitaji. Tunayalaumu majungu kwa sababu yanaharibu majina ya watu, na kweli yanaharibu. Lakini ubaya wake mkubwa zaidi ni nafasi yanayoichukua.

Huku kwetu mjane wa sajini ni mama mwenye magunia. Muulize mkulima yeyote wa viazi au kabichi Lushoto kero yake, atakuambia lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba, linashonwa kwa kamba likiwa na kichwa na mabega, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo imekataza, ukomo ni kilo 100, Wakala wa Vipimo wapo, na lumbesa inapanda fuso kila wiki kwenda Dar es Salaam. Huyo mama akimpata mkubwa kwa dakika tano ataeleza jambo lenye kilo ndani yake, lenye mizani, linaloweza kupimwa pale pale barabarani. Lakini zile dakika tano zimeshakwenda kwenye nani anatembea na nani.

Wasambaa wa zamani, wenyeji wa milima hii, walikuwa na fundisho lao kuhusu wakubwa wanaoshindana. Wenye nguvu wakipimana nguvu, nguvu kwa nguvu, mvua inakataa na nchi inaharibika. Mmoja akishika, mwingine akatii, nchi inapona. Unaweza kutolipenda fundisho hilo kwa sababu lilimpa mfalme kila kitu. Mimi mwenyewe silipendi lote. Ila liliona jambo ambalo semina zetu za utawala bora hazilisemi, kwamba vita vya wakubwa wawili analipa mwenye shamba.

Tena ukoo uliotawala Vugha, mji mkuu wa Wasambaa hao, ulitokana na majungu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy amesimulia katika Habari za Wakilindi: Mbega alizaliwa Ngulu, akaota meno ya juu kwanza, akawa kigego. Jamaa zake walipotaka urithi usimfikie, hawakutafuta kosa alilolitenda. Walikuwa na hayo meno yake. Misiba yote ya ukoo wakamtwisha yeye. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akawa mwindaji wa nguruwe, akaingia milima hii akiwagawia watu nyama, nao wakamfanya mtawala. Ngulu wakabaki na urithi wao. Jambo la kusikitisha ni kwamba vizazi vya baadaye vya Mbega huyo huyo, baada ya kufa mfalme Kimweri ye Nyumbai, waligombana wao kwa wao, Semboja wa Mazinde na mwana wa nduguye aliyekuwa Vugha, mpaka nchi ikameguka, na Mjerumani alipopanda mlima aliwakuta hawasemezani.

Kuna namna mbili za kumsema mtu, na kwa hizo tuna waandishi wetu. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, miaka 100 kamili baada ya Gogol, aliandika Kusadikika mwaka 1951. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali miaka mingi, alijua ofisi zinavyonong'ona. Katika kitabu hicho Waziri Majivuno anamchongea Karama. Anachongea kweli kweli, kwa ufasaha, hadi unaona mtu amekwisha. Lakini anachongea barazani, mbele ya mfalme, na Karama yupo amesimama. Kwa hiyo Karama anajibu. Siku baada ya siku anawataja wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na habari njema, wakafungwa. Mwisho Karama anaachiliwa, na wale waliokuwa vifungoni wanafunguliwa.

Sasa nenda Kenya. Francis Imbuga, Betrayal in the City, mwaka 1976, nchi ya kubuni iitwayo Kafira. Mulili ana ugomvi na Kabito juu ya zabuni ya maziwa. Hampeleki popote. Anakwenda kwa Boss, mtawala wa nchi hiyo, ambaye ni ndugu yake, anasema maneno machache, anayatia chumvi. Kabito anakufa, na watu wanaambiwa ni ajali. Hakuambiwa amesemwa nini. Majivuno na Mulili wana moyo ule ule. Nisingependa kuoa kwa yeyote kati yao. Tofauti ni chumba. Mmoja alisemea mahali ambapo aliyesemwa ana masikio, mwingine akasemea sikioni.

Gogol naye hakuwaacha watu wake bila kuwalipa. Khlestakov ameshaondoka na farasi bora wa mji, na bwana posta, kwa tabia yake, amefungua barua aliyoiacha. Ni barua kwa rafiki wa Petersburg, ya kuwacheka wenyeji. Wanaisoma kwa sauti, sebuleni, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza mkuu wa mji. Mkuu wa mji ametukanwa, bwana posta anaisoma sehemu hiyo vizuri sana, anairudia. Anafika penye jina lake mwenyewe, anaanza kugugumia. Zemlyanika anamnyang'anya: lete, nina miwani. Anasoma ya posta kwa sauti kubwa, anafika pake, ghafla mwandiko hausomeki. Ananyang'anywa naye, na mgeni asiyetajwa humo anasoma kwa furaha: msimamizi wa hospitali ni nguruwe aliyevaa kofia. Ni watu wazima, wana vyeo, na kila mmoja anacheka mpaka kwenye mstari ulio juu ya wake.

Siku hizi barua hiyo ina jina jingine. Ni ujumbe wa sauti wa dakika mbili uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp lisilo lake. Uliotaka kumfikia rafiki mmoja umefika kwa watumishi wote, saa tatu usiku. Unaona "ujumbe huu umefutwa" na unajua kwamba watatu wameshausikiliza. Kesho asubuhi ofisi nzima inasalimiana kwa adabu ya msibani.

Lakini nisiiache habari hii kana kwamba hatukuwahi kuwa na mkaguzi wa namna nyingine. Mwaka 1966 serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, miongoni mwa tume za mwanzo kabisa za aina hiyo Afrika, ya kusikiliza malalamiko ya mwananchi dhidi ya mtumishi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei, mtu wa hapa chini Muheza, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Tume ilizunguka wilayani, ikajitangaza kwa jina, ikaeleza ilichokuja kufanya, kisha ikakaa kusikiliza. Ilikuwa na mapungufu yake: taarifa zake zilikwenda kwa Rais, haikuwa na meno ya kukata. Mwaka 2001 sheria ikaweka mahali pake Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini tazama tu mwelekeo wa masikio. Mkaguzi wa Gogol alikuja kwa siri na akawasikiliza watumishi wakisemana. Mkaguzi wa Mang'enya alikuja mchana, na aliyealikwa kusema alikuwa mkulima.

Na hatuhitaji kumsubiri mkaguzi. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji uitwe walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Najua mikutano mingi ilivyo. Inasomwa taarifa ya mapato na matumizi haraka kama kadhi anayefungisha ndoa ya pili, zinafuata salamu za viongozi, kisha michango, kisha michango mingine. Malalamiko yanaambiwa yasubiri "mengineyo". Na mengineyo yanafika saa kumi na moja jioni, ukungu umeshashuka, kina mama wameshaondoka kuwahi jikoni, waliobaki wanatazama wingu la upande wa Magamba.

Ombi langu ni kwa mwenyekiti yeyote wa kijiji anayenisikia sasa, wa Kwai au wa kwingine. Mkutano ujao, malalamiko yawe ajenda ya pili, mara tu baada ya kuthibitisha muhtasari. Anayelalamikiwa awe ameketi pale pale mezani, na daftari, na kalamu inayoandika. Na mama wa magunia aanze yeye.